Mtungi Mtungi

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa jikoni akiosha vyombo huku anaimba. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati, sikumtia maanani, mpaka nilipolisikia neno lenyewe likirudiwa mara mbili na silabi ya mwisho ikivutwa: mtungi mtungiii. Nikamwuliza wimbo huo kautoa wapi. Akanambia vijana wameuimba upya, wameutia ngoma za kileo, na shuleni kila mtu anaucheza. Hakujua kwamba wimbo ule ni mkubwa wake kwa miaka mingi. Nikamwambia aache kuuimba.

"Kwani una matusi, mama?"

Nikasema una. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango na kukaa kitandani na unga wangu mikononi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikiona haya zile zile nilizoziona nikiwa na miaka kumi.

Nyinyi wa rika langu mtaukumbuka. Wakati wake hapakuwa na pa kuukimbia. Ulipigwa harusini, ulipigwa kwa vinyozi, ulipigwa katika kila redio iliyowekwa dirishani Kisauni nzima. Wala haukuwa peke yake. Miaka ile ni kama watunzi walikuwa wamekubaliana kwamba wimbo usiorudia neno haupati watu. Kulikuwa na Shanga Shanga, kulikuwa na Nakuja Nakuja na Tufani Tufani, na wimbo mmoja wa vijana wa bara ambao tulikatazwa kuuimba mbele ya watu wazima, Kunja Kunja. Mimi na rafiki yangu Kadzo tulikuwa na daftari la nyimbo hizo. Tukisikia mpya redioni tulikimbia kuuandika, na kulikuwa na sheria ambazo Kadzo ndiye aliyezitunga, maana yeye alikuwa na akili ya sheria. Jina likirudiwa nusu halihesabiwi. Likirudiwa na neno jingine katikati, halihesabiwi. Ulipotoka wimbo wa Pilipili Pilipili tulibishana siku mbili: mimi nilisema ni mara mbili kama nyingine, Kadzo akasema ni mara nne, kwa sababu pili ziko nne, na akazihesabu kwa vidole mbele ya uso wangu.

Tena tulikuwa na imani yetu. Mama akiniita kwa hasira aliniita mara moja tu, "Tima!" Akiniita kwa mapenzi alisema, "Tima, Tima wangu." Kadzo akasema hata kwao ni vivyo hivyo. Basi tukakata shauri kwamba mtu akipenda sana, neno moja halimtoshi, ndipo akalisema mara mbili. Nyimbo zote za daftari letu, kwetu sisi, zilikuwa nyimbo za mapenzi. Kosa hilo ndilo lililotangulia yote.

Tulikaa nyumba moja, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na uani kisima, jiko na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba tukimwita Bi Mkubwa. Chumba cha mbele kilikuwa chake. Sisi tulikuwa vyumba viwili, mimi na mama na baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na mara nyingi hayupo. Mkabala nasi alikaa Mama Kadzo na watoto wake wanne, Kadzo akiwa mkubwa na wa mwisho akiwa bado mgongoni. Walikuwa Wagiriama, watu wa kanisa, na mumewe alifanya kazi Malindi, huja mara moja kwa mwezi. Na chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, alikaa Bi Rukia na mumewe, aliyekuwa mpwa wa Bi Mkubwa.

Bi Rukia nilimpenda kupita kiasi. Alikuwa mrefu, shingo yake ndefu, na akicheka alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Chumbani kwake kulikuwa na mtungi wa udongo alioufukiza kwa ubani kabla ya kuutia maji, na maji yake yalikuwa baridi na yana harufu ambayo sijaipata tena popote. Nikitoka madrasa aliniita niende kwake, "Tima, ndoo unywe." Nilikunywa kwa kikombe chake cha bati, yeye akinitazama kama ninayefanya jambo kubwa. Hakuwa na mtoto. Hilo nililijua, lakini nililijua kama nilivyojua kwamba hana saa ya ukutani. Sikujua kuwa ni jambo la kuuma.

Kwa hiyo mtaelewa kwamba wimbo wa Mtungi Mtungi ulipotoka, mimi niliona ni wake. Mwanzo wake ulisema: mtungi mtungi, shingo ya madaha, wenda kisimani, warudi mkavu. Shingo ya madaha ilikuwa ya Bi Rukia, hilo halikuwa na mjadala. Na kurudi mkavu nikadhani ni sifa ya usafi, kwamba mtungi wenyewe ni wa heshima, haujimwagii maji ovyo njiani. Kadzo naye akaona ni sawa.

Wiki hiyo kulikuwa kumetokea ugomvi wa kamba. Mama Kadzo alikuwa ameanika nepi tangu asubuhi, kamba nzima, na Bi Rukia akazisogeza ili aanike shuka zake. Maneno yakapanda. Mwisho Mama Kadzo, mtoto analia mgongoni na jua kali kichwani, akasema, "Kamba ni ya wenye watoto!" Mama yangu akaacha kukuna nazi. Bi Rukia akakusanya shuka zake mbichi, akaingia nazo ndani. Kesho yake Mama Kadzo alikwenda kumwomba radhi, alimpelekea fungu la mchicha, na nikawasikia wakizungumza taratibu mlangoni kama dada wawili. Lakini mchicha huo uliliwa ukaisha, na yale maneno yalibaki.

Haikupita siku nyingi Bi Rukia akawa hatoki chumbani. Bi Mkubwa aliingia na kutoka na beseni lililofunikwa kanga. Nikaona ndoo ya maji mekundu karibu na kisima, nikadhani ni kanga mpya inayotoa rangi. Nilipomwuliza mama akanambia Bi Rukia ana homa, niende nikacheze. Siku tatu sikuitwa kunywa maji. Siku ya tatu nikamwambia Kadzo kwamba tumtumie Bi Rukia salamu za redio apate kuchangamka.

Kipindi cha salamu kilikuja kila siku baada ya alasiri, na watu walituma ujumbe kwa simu. Mama alikuwa na simu ya vibonyezo, na mara nyingi mimi ndiye niliyemwandikia, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alipokwenda dukani nikaichukua, tukajificha nyuma ya choo, Kadzo ananishikia daftari nami nabonyeza.

"Mwekee Shanga Shanga," Kadzo akasema. "Ndio mtamu."

"La. Mtungi Mtungi ndio wake."

"Basi andika jina lako ajue ni wewe."

Nikakataa. Nilitaka asikie kwanza, afurahi, aanze kuuliza ni nani, ndipo mimi nijitokeze. Nikaandika kwamba salamu ni za Bi Rukia wa Kisauni, nyumba ya mlango wa kijani, kutoka kwa jirani yake wa uani, anayemtazama na kumfikiria siku zote. Maneno hayo ya mwisho nilijivunia sana. Nikatuma.

Kesho yake Bi Rukia alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alijitanda kanga mbili, uso umenyauka, akaketi juu ya mkeka uani huku wenzake wakimkaribisha kwa sauti za chini. Bi Mkubwa alikuwa akichambua mchele. Mama Kadzo alikuwa akimwogesha mtoto wake wa mwisho karaini, na mama yangu alikuwa jikoni. Redio ilikuwa dirishani kwa Bi Mkubwa kama kawaida. Mimi na Kadzo tuliketi kizingitini, tunapigana viwiko.

Mtangazaji akasoma salamu za Likoni, akasoma za Changamwe. Kisha akasema, "Na hizi zinamwendea Bi Rukia wa Kisauni, nyumba ya mlango wa kijani, kutoka kwa jirani yake wa uani, anasema anamtazama na kumfikiria siku zote. Na wimbo aliomchagulia…" Hapo akacheka. "Ee, jamani! Bi Rukia, kama si wako, uache upite. Mtungi Mtungi!"

Nilipiga makofi. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu: kwamba wimbo ulipoanza, mimi nilipiga makofi.

Hakuna mwingine aliyecheka. Bi Rukia alikaa akiusikiliza ule ubeti wa kwanza wote, mkono wake tumboni, kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Kisha akasimama, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake. Alipofunga mlango tukamsikia. Hakikuwa kilio cha kupiga mayowe. Kilikuwa kama cha mtu anayejaribu kumeza kitu kikubwa na hakipiti.

Kila mtu mzima pale uani alijua mtungi wa wimbo ule ni tumbo la mwanamke asiyezaa. Taarabu nzima ilikuwa ni fumbo hilo, na nusu ya wanawake wa Mombasa walikwisha kuwapigia mahasidi wao wimbo huo. Mimi sikujua. Naapa sikujua, ingawa kiapo changu hakina thamani, kama mtakavyoona.

Bi Mkubwa aliizima redio. Akasimama katikati ya uani, mchele umemwagika miguuni.

"Ni nani alolifanya hili?"

Akauliza kwa wote, lakini macho yake yalikwenda pahali pamoja. Mama yangu naye akatazama huko huko. Mama Kadzo akamtoa mtoto majini, maji yanamchuruzika, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mwanitazama mimi?"

"Kamba ni ya wenye watoto," Bi Mkubwa akasema. "Nani alosema?"

"Nilisema mimi, na radhi nikaomba. Lakini hili si langu, Bi Mkubwa. Simu yenyewe nitaitoa wapi? Haki ya Mulungu, hata kuandika najikokota tu."

"Simu huazimwa. Na maneno huandikiwa mtu. Mwanamke mwenzio juzi tu katokwa na mimba, ya pili hii, damu haijakauka, nawe wampelekea mtungi redioni Mombasa nzima isikie!"

Ndipo nilipojua. Sikuelewa kila neno, lakini nilielewa ile ndoo ya maji mekundu.

Kadzo akasimama. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya darasani, kama anayejibu swali: "Si mama. Ni Tima. Alituma kwa simu ya mamake. Alitaka kumfurahisha Bi Rukia."

"Tima!" mama akaita, mara moja.

"Abee, mama."

"Ni kweli?"

Nimelifikiria jibu lile kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijapata kulitafutia udhuru unaotosha. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Niliogopa, ndiyo. Lakini sikuogopa kupigwa. Nilikuwa naisikia sauti ya Bi Rukia nyuma ya mlango ule, nami nikapiga hesabu haraka, kwa akili timamu kabisa: atakayesema ni yeye, Bi Rukia hatampenda tena. Nilikuwa tayari mwingine ndiye apoteze pendo hilo.

"La," nikasema. "Si kweli."

"Apa," akasema Bi Mkubwa.

"Wallahi si mimi." Kisha, bila ya kuulizwa, nikaongeza: "Kadzo amtetea mamake tu."

Kadzo akageuka akanitazama. Alikuwa na mdomo wazi kidogo, kama wakati ule wa kubishana juu ya Pilipili Pilipili, anayengoja nitaje hoja yangu ili naye ataje yake. Mama Kadzo akamfunga mtoto mgongoni akiwa bado ana maji, akamshika Kadzo mkono, wakaingia chumbani kwao na mlango ukafungwa. Bi Mkubwa akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani kwamba Jumamosi isimkute mtu huyo nyumbani kwake.

Kilichobaki kunitia hofu ni simu. Nilijua kuandika ujumbe lakini sikujua kuufuta. Usiku kucha nililala nikijua umekaa mle ndani na maneno yangu yote. Asubuhi mama alipokwenda kuoga nikaifungua. Haukuwepo. Nilitafuta juu, nilitafuta chini, hakuna. Basi nikakata shauri kwamba Mwenyezi Mungu amekisikia kiapo changu na amekikubali, ameufuta ule ujumbe ili nisiwe mwongo. Nilifurahi. Nilikunywa chai kwa mahamri matatu, na mama akawa ananitazama ninavyokula.

Jumamosi walihama. Mkokoteni ulikuja, ukapakiwa godoro, masufuria, karai na viti viwili. Mama Kadzo alifagia chumba chake mpaka kikawa safi kabla ya kutoka, jambo ambalo lilinishangaza, kwa kuwa kilikuwa si chake tena. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Nilikuwa nikichungulia dirishani. Kadzo alikuja mlangoni petu, akaliweka daftari letu chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaondoka. Jumatatu hakuja shuleni, na hakuja tena.

Bi Rukia alipopata nafuu alirudi kuniita kunywa maji, na alinipenda zaidi kuliko mwanzo. Aliwahi kunishika kidevu akasema, "Wewe ndiye uliyebaki wa kunichekesha." Nikawa napita mlango wa mbele ili asinione. Baada ya mwaka mmoja hivi yeye na mumewe wakahamia Likoni, na mimi nikapumua, na nikaona haya kwa kupumua.

Hayo niliyabeba peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Mwaka jana mama alikuwa mgonjwa wa miguu, nami nilikwenda kumkanda mafuta. Alikuwa amelala ubavu, uso kauelekeza ukutani, akaniuliza ghafla kama namsikia Mama Kadzo yuko wapi siku hizi. Nikasema simsikii.

"Yuko Mikindani. Apika mbaazi, auza asubuhi." Kisha akasema, "Ule ujumbe niliuona, Tima. Niliufuta mimi."

Mikono yangu ikasimama juu ya mguu wake.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa ushaapa mbele ya watu. Ningekuvua nguo mwanangu pale uani?" Alikuwa bado ametazama ukuta. "Nilisema utakuja unambie mwenyewe. Nikangoja. Ukala mahamri yako, nikangoja. Halafu yakawa mambo ya zamani."

Hatukuyasema tena. Nilimaliza kumkanda, nikanawa mikono, nikarudi kwangu. Na hata hapo, nikijua alipo Mama Kadzo, nilikaa karibu mwaka mzima bila ya kwenda. Mpaka siku ile niliyomsikia binti yangu akiimba.

Nilikwenda Mikindani Jumamosi iliyofuata. Kumpata hakukuwa kazi, kila mtu anamjua. Alikuwa barazani kwake na sufuria yake ya mbaazi, wateja wa asubuhi wamekwisha, amekuwa mzee, mwembamba, nywele zimeingia mvi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama, akainuka.

"Tima? Tima wa Kisauni? Ewe mwana! Umekuwa mama mzima!"

Akanikumbatia. Akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akanipakulia mbaazi bila ya kuniuliza, akaniuliza mama hajambo, baba yu hai, nina watoto wangapi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema tu:

"Mama Kadzo, ule wimbo niliutuma mimi."

"Wimbo upi?"

Sikuwa nimelitarajia swali hilo. Ikabidi nieleze, nitaje redio, nitaje Bi Rukia, nilitaje jina la wimbo kwa kinywa changu. Alisikiliza huku anafuta ukingo wa sufuria kwa kitambaa, akizunguka, akizunguka. Nilipomaliza aliacha kufuta. Nilidhani atanifukuza. Nilitaka anifukuze.

"Nilimpiga Kadzo," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Tulipoingia ndani. Nilimpiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Nikamwambia sisi hatuna kitu, lakini hatusingizii watoto wa watu. Wewe ulikuwa mtoto wa adabu, wa madrasa, umeapa kwa Mungu wako. Nikaona mwongo ni wangu." Akakikunja kile kitambaa mara mbili. "Alisema kweli mpaka mwisho, na mimi nikampiga mpaka mwisho. Mimi nilikuamini wewe, Tima."

Kisha akageuka akaita kuelekea nyuma ya nyumba. Kadzo alikuja na povu la sabuni viwikoni. Kumbe huja kila Jumamosi kumfulia mamake. Ningemjua popote. Mama Kadzo alimwambia maneno kwa Kigiriama, machache, sauti ikakatika njiani, kisha akamalizia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Nilikupiga bure, mwanangu."

Kadzo akajifuta mikono kwenye leso yake, mmoja, halafu wa pili.

"Najua, mama. Nilikuwepo."

Nikamwambia anisamehe. Aliniuliza kama Bi Rukia yu hai. Nikasema yu hai, yuko Likoni, nimepata habari zake kwa watu.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Kwa hivyo mpaka leo ajua ni mamangu." Alisema bila ya hasira, kwa ile sauti yake ya sheria. "Mimi nilijua ni wewe. Mama alijua si yeye. Umekuja kwa watu wasiokuwa na haja ya kuambiwa. Kamwambie asiyejua."

Akarudi kwenye nguo zake. Nilizila zile mbaazi zote, kwa sababu Mama Kadzo alikuwa ananitazama na sikuthubutu kuziacha.

Ilinichukua wiki mbili zaidi. Nilivuka feri nikaenda Likoni, nikauliza, nikaoneshwa. Bi Rukia alikuwa barazani kwake. Shingo yake ni ile ile. Alimlea mtoto wa nduguye, ambaye sasa ni kijana, na mumewe bado yuko naye. Alinitambua kabla sijamwamkia, akaita majirani waje wamwone Tima wake, akaniletea chai ya tangawizi na vibibi vya mchele vya moto. Tukazungumza mengi yasiyokuwa na maana. Saa nzima ikapita. Nilikwisha kujiambia kwamba ni mzee, ana furaha, kuna faida gani, na nilikuwa natafuta viatu vyangu kwa miguu kando ya mkeka, aliposema mwenyewe:

"Na yule Mama Kadzo, wamwona? Ukimwona mwambie nilishamsamehe zamani. Nilisamehe kwa ajili ya Mungu."

Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulionimaliza.

"Bi Rukia, hana kosa la kusamehewa. Aliyetuma salamu zile ni mimi. Nilidhani ni wimbo wa kukusifu. Halafu nikaapa uongo."

Alinitazama. Nilimwona akirudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika pale uani. Uso wake haukukasirika. Ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Alikuja kuniaga," akasema. "Siku ya kuhama. Alisimama mlangoni kwangu akapiga hodi, na mtoto wake mgongoni namsikia analia. Akasema, 'Rukia, si mimi.' Akapiga hodi tena. Nilikuwa nimekaa kitandani, hatua tatu kutoka mlangoni. Sikumfungulia."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, kingali na chai, akainuka kwa kushika magoti yake, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kukijaza. Nikangoja. Majirani wakapita wakanisalimu, nikawaitikia. Ikaadhiniwa alasiri, watu wakaenda wakarudi, na mlango ule ulikuwa umeegeshwa tu, haukufungwa, lakini hakuna aliyetoka wala aliyeniita. Nikavaa viatu vyangu, nikasema kwaheri kwa sauti ya chini kuelekea ndani, nikaenda zangu.